Vifuniko vya plastiki vya kunyoosha meno: je, mwalimu wa Busi ataviweza?

Mwezi huu tunajibu swali la mwalimu mmoja wa kike anayefundisha huku Busi, wilayani Kondoa. Ana umri wa miaka 41. Meno yake mawili ya chonge ya juu hayakuota kamwe, na meno ya mbele yamekwenda upande mmoja na kupandana. Akiwa darasani amezoea kuandika ubaoni huku akizungumza, ili wanafunzi wasimtazame mdomoni. Katika vikao vya wazazi hufunika mdomo kwa kiganja. Sasa anatajwa kupewa uongozi shuleni, naye anaogopa, si kazi yenyewe, bali kusimama mbele ya watu. Ameona kwenye simu vifuniko vya plastiki angavu vinavyonyoosha meno bila waya. Anauliza kama vinaweza kumsaidia mtu wa rika lake, anayekaa mbali na mji, bila kuacha kazi.

Tunamjibu hadharani, bila kumtaja, kwa sababu tunajua hayuko peke yake. Katika mikoa yetu ya kati, hasa Dodoma na Singida, miaka ya 1980 ilienea imani ya "meno ya nailoni", ambayo wengine waliyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, watu walifunua mdomo wake wakaona ufizi umevimba na kuwa mweupe mahali ambapo jino la chonge la utotoni linajiandaa kutoka. Wakasema huo ndio ugonjwa. Mganga alichimba pale kwa kisu, sindano, hata spoku ya baiskeli, akatoa kitu laini cheupe na kuwaonyesha wazazi. Kitu hicho kilikuwa jino changa la mtoto, ambalo lilikuwa bado halijawa gumu.

Homa haikutoka kwenye jino. Mara nyingi ilikuwa malaria, nimonia au tumbo la kuharisha, na mtoto aliyepelekwa kwa mganga alichelewa kupata dawa. Wapo waliopoteza damu nyingi na wapo walioingiwa na vijidudu katika damu. Waliopona walibaki na kovu lisiloonekana mara moja, kwa maana karibu na jino lile la utotoni ndipo inapotengenezwa mbegu ya jino la ukubwani. Mbegu ikiharibiwa, jino haliji, au linakuja likiwa limepinda, na meno ya jirani husogea kujaza nafasi. Watoto wa wakati ule leo ni walimu, wauguzi, makarani na mafundi wenye miaka 35 na zaidi. (Kwa akina mama wenye watoto wachanga tunasema hapa hapa: jambo hili halijakwisha vijijini. Mtoto akiwa na homa mpelekeni zahanati, na ufizi wake msiuguse.)

Sasa turudi kwenye vifuniko. Madaktari wa meno huviita alaina. Ni ganda jembamba la plastiki angavu, lililotengenezwa kwa kufuata umbo la meno ya mtu mmoja tu, ambalo huvaliwa juu ya meno kama soksi inavyovaliwa mguuni. Vilianza Marekani. Mwaka 1997, huko California, Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokuwa wamesoma Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya Align Technology. Chishti alikuwa amenyooshwa meno akiwa mtu mzima, na baada ya waya kutolewa alipewa kifaa cha plastiki cha kuyashikilia. Aliona kwamba akikaa siku kadhaa bila kukivaa meno hurudi nyuma kidogo, na akikivaa hunyooka tena. Akajiuliza: ikiwa plastiki inaweza kuurudisha mwendo mdogo, kwa nini isifanye mwendo mkubwa, hatua kwa hatua? Madaktari walianza kutumia vifuniko vya kampuni hiyo mwaka 1999, na leo vinatengenezwa na kampuni nyingi.

Namna vinavyofanya kazi si uchawi. Jino halikushikamana na mfupa kama msumari katika ubao. Limeshikiliwa na nyuzinyuzi ndogo. Likisukumwa polepole upande mmoja, mfupa wa mbele yake huyeyushwa na mwili, na nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Kila kifuniko hutengenezwa kikiwa tofauti kidogo na meno yalivyo, hivyo hulisukuma jino kiasi cha robo ya milimita hivi. Baada ya wiki moja au mbili unavaa kinachofuata. Jino linalotakiwa kusogea milimita 4 litahitaji basi vifuniko kama 16. Kazi nzima huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kwa watu wengi, na wengine huzidi hapo. Umri si kizuizi, mradi fizi na mfupa viwe na afya.

Mwili hujenga mfupa ule kwa msukumo usiokatika, kwa hiyo kifuniko kinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na hapa ndipo tunapotaka mwalimu wetu aketi na karatasi na kalamu.

Vifuniko huvuliwa wakati wa kula, na wakati wa kunywa kitu chochote isipokuwa maji matupu. Chai hukitia kifuniko rangi, ikiwa ya moto hukipinda, na sukari yake hufungiwa kati ya plastiki na jino mahali ambapo mate hayafiki kuisafisha. Meno ya namna hiyo hutoboka haraka. Kwa hiyo ukila, piga mswaki kwanza, ndipo urudishe kifuniko. Tuhesabu: chai ya asubuhi dakika 20, chai ya saa nne shuleni dakika 20, ugali wa mchana nusu saa, chakula cha usiku nusu saa. Hizo ni dakika 100. Ongeza dakika tano za mswaki kila mara, mara nne, zinakuwa dakika 120. Saa zake mbili zimekwisha kabisa, wala hajapokea mgeni.

Na huku kwetu mgeni anakuja. Anakuja saa kumi, chai inachemshwa, na mwenyeji hawezi kumwachia mgeni anywe peke yake. Mwalimu mwenzake analeta karanga ofisini wakati wa kusahihisha madaftari. Mahindi ya kuchoma yanapita. Kila kitu kidogo kinachotafunwa kinadai kuvua, kupiga mswaki na kuvaa tena. Anayeviweza vifuniko hivi ni yule anayekubali kula kwa nyakati na kuacha kudokoa. Mgeni akija, mkaribishe, mmiminie, nawe chukua bilauri ya maji. Watashangaa siku mbili za mwanzo, ukiwaeleza wataelewa. Mlenda na ugali si tatizo, unakula kama kawaida, kwa maana kifuniko kimetoka. Hilo tunaliona kuwa nafuu kuliko waya, ambao hukatika kwa mua na mahindi magumu.

Maji ya mswaki shuleni yaandaliwe. Pale ambapo bomba ni la mashaka, chupa ya maji safi ikae kwenye mkoba pamoja na mswaki, dawa ya meno na kikasha cha kuwekea vifuniko. Kikasha hiki tunakisisitizia kwa makusudi. Vifuniko vingi hupotea kwa sababu vilifungwa kwenye karatasi pembeni ya sahani, kisha karatasi ikatupwa na mabaki. Msibani na harusini ndiko hasa vinakopotelea. Mbwa pia huvipenda na kuvitafuna. Msivisuuze kwa maji ya moto, wala msiviache juani. Vikipinda havifai tena. Kile cha wiki iliyopita kitunzwe, kwa sababu cha sasa kikipotea daktari huweza kukwambia urudi kwenye cha zamani au uende kwenye kinachofuata.

Kuhusu kusema, mwalimu ana haki ya kuhofu. Siku chache za kwanza ulimi hugongana na ukingo wa plastiki, na sauti za s, z na sh hutoka na mluzi au kitembe. Kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Dawa yake ni kusoma kwa sauti nyumbani, kurasa kadhaa kila jioni. Anayesoma masomo kanisani afanye hivyo hivyo. Kwa Mkatoliki anayejiuliza juu ya Komunyo, hostia ni nyembamba na haihitaji kutafunwa, basi haimlazimu kuvua, atasuuza baadaye. Kila kifuniko kipya hubana na kuuma siku mbili tatu. Ni vyema kukibadili Ijumaa usiku kabla ya kulala, ili maumivu ya kwanza yapite Jumamosi, si mbele ya darasa.

Lakini je, vifuniko vitamfaa mtu aliyetolewa mbegu za chonge? Hapa tunasema kwa uangalifu. Meno yaliyosongamana kidogo au yenye mapengo madogo huitikia plastiki vizuri. Jino la mviringo lililojizungusha, au lile linalotakiwa kuvutwa kushuka, huwa gumu kwa plastiki, na waya hushinda. Kwa mwalimu wetu kuna swali linalotangulia yote: chonge zake hazipo kabisa, au zimelala ndani ya mfupa? Jibu linapatikana kwa picha ya eksirei ya taya zima, si kwa kutazama mdomoni. Zikiwa hazipo, daktari huchagua kuziba nafasi kwa kusogeza meno, au kuifungua nafasi ili jino la bandia liwekwe. Zikiwa zimelala ndani, huenda ikahitajika operesheni ndogo na waya wa kuzivuta. Mara nyingine kazi huanza kwa waya na kumaliziwa kwa vifuniko. Vilevile wale wenye meno ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi katika maji, kama wengi wa Arusha, Manyara na Singida, wamweleze daktari mapema, maana vile vidoto vya gundi vinavyobandikwa juu ya meno ili kifuniko kipate pa kushika havishiki vizuri kwenye meno hayo.

Ndiyo maana tunawaonya wanaotaka kuagiza vifuniko kwa posta. Marekani ilikuwapo kampuni iitwayo SmileDirectClub, iliyoanza mwaka 2014, ikiwatumia watu vifuniko nyumbani bila kwenda kukaa kwenye kiti cha daktari. Desemba 2023 ilifungwa, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu waliachwa na meno yaliyosogea nusu. Ikiwa hayo yametokea Marekani, mtu wa Busi atamdai nani?

Safari yenyewe inawezekana. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, ugumu umebaki kufika Kondoa mjini. Kutoka pale Dodoma ni kilomita 160 hivi. Kwa uchunguzi, eksirei na kusafishwa ukoga, aanzie hospitali za Dodoma. Mabingwa wa kupanga meno ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, kwa hiyo aombe kuelekezwa. Kwa anayekaa mbali, vifuniko vina faida moja kubwa: daktari akiridhika na mwendo, humpa seti kadhaa kwa pamoja, naye hurudi baada ya miezi miwili hivi, na katikati hutuma picha za meno kwa simu. Waya hudai kurudi karibu kila mwezi, na ukikatika hauna wa kuurekebisha kijijini.

Gharama haifichiki: huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na waya kwa kawaida ni nafuu. Aulize bei yote kabla ya kuanza, pamoja na picha, seti za marekebisho ya mwisho na kifaa cha kushikilia meno baadaye. Kifaa hicho huvaliwa usiku kwa miaka, kwa sababu meno hukumbuka yalikotoka. Asiye tayari kukivaa bora asianze kutumia fedha.

Ushauri wetu kwa mwalimu ni huu. Likizo ya Juni aende akapigwe eksirei na kutibiwa fizi; fizi zinazotoka damu zipone kwanza. Akiambiwa vifuniko vinamfaa, avianze mwanzoni mwa likizo ya Desemba, apate majuma kadhaa ya kusoma kwa sauti nyumbani na kuzoea bilauri ya maji mbele ya wageni. Shule ikifunguliwa Januari, wanafunzi wa kidato cha kwanza watakuwa hawajawahi kusikia sauti yake ya zamani.