Sarafu za kale zina bei mbili, zifahamu kabla ya kuuza

HUENDA katika boma fulani pale Mumbuni, karibu na mji wa Machakos, mna kopo lenye sarafu alizoacha babu. Hutokea mnunuzi wa kupitapita akazipima kwa mizani, na mwenye boma akapokea noti chache asijue ameuza nini.

Sarafu ya kale huwa na bei mbili. Ya kwanza ni ya madini yaliyomo. Ya pili ni ya uadimu, yaani idadi iliyosalia na hali yake.

Sarafu za dhahabu za Marekani ni mfano mwafaka. Ile ya dola 20, iliyopigwa kuanzia 1850 hadi 1933, ina uzito wa gramu 33.4, na asilimia 90 ni dhahabu. Mnamo Aprili 1933, Rais Franklin Roosevelt aliwaamuru raia kukabidhi dhahabu yao, isipokuwa sarafu adimu za wakusanyaji. Nyingi ziliyeyushwa. Sarafu moja ya 1933 iliyosalimika iliuzwa dola milioni 18.9 mwaka 2021, ilhali dhahabu iliyomo haifiki hata aunsi moja.

Kenya nayo ilitoa sarafu za dhahabu mnamo 1966, za Sh100, Sh250 na Sh500, kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta.

Hata hivyo, umri pekee hauleti utajiri. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1948 ni ya shaba na nikeli, wala haina fedha hata chembe. Kinyume chake, rupia ya Mombasa ya 1888 ni ya fedha halisi. Ilitolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, ile ile iliyofungua kituo Machakos kabla ya mji wa Nairobi kuwepo.

Rupia hiyo pia inaguswa na sheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 huhesabu kifaa kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali.

Mwenye sarafu asiisugue kwa mchanga wala limau, kwani mikwaruzo huishusha bei. Anayenunua naye aipime uzito na upana, alinganishe na vipimo rasmi. Sarafu ikivutwa na sumaku, si dhahabu. Isipovutwa, huo bado si ushahidi, kwa maana hata shaba haivutwi.

Isitoshe, sarafu haizai riba na huenda ikachukua muda kupata mnunuzi. Si busara kuuza shamba ili kuinunua. Lakini aliyerithi kopo la babu asiharakishe kulifungua mbele ya mwenye mizani. Asome kwanza mwaka na jina lililochorwa.