Tiva wa Mafunjo ya Dunga

Uingereza, watazamaji wa ndege hukimbilia pwani dhoruba inapopita, wakitumaini kumwona ndege aliyepotezwa njia na upepo, labda kutoka Siberia, labda Marekani. Ndege huyo ni adimu kwa sababu si wa pale. Ufukwe wa Ziwa Victoria una adimu wa aina nyingine. Ndege anayewatoa watu Nairobi usiku kucha hadi Kisumu hajapotea. Amezaliwa hapa, na nje ya mafunjo hatoki.

Ni tiva wa mafunjo, Laniarius mufumbiri: mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, utosi wa manjano, na mstari mweupe bawani. Ana ndugu mwenye utosi mweusi tii, bawa lisilo na weupe wowote, anayeishi vichakani hata mjini. Wageni wengi humshangilia huyo wakaanza kufunga darubini. Tazama utosi kwanza.

Kinamasi cha Dunga kiko kilomita 10 hivi kusini mwa Kisumu. Mtu huingia kwa boti ya wavuvi alfajiri, kabla jua halijawa kali na ndege hawajanyamaza. Mafunjo hupita mita 4 kwa urefu, na mizizi yake iliyosukana huweza kuelea juu ya maji, kwa hiyo kutembea humo ni kujitakia balaa. Unakaa ukingoni na kutega sikio. Tiva dume na jike huitikiana, mwito wa mmoja ukidakwa na mwenziwe haraka hata ukadhani ni ndege mmoja. Wako wanaompigia sauti yake kutoka kwenye simu ili ajitokeze. Hujitokeza kweli, maana anadhani amevamiwa, na muda wa kulisha makinda unapotea kwa ajili ya picha. Mimi naona ni bora kumkosa.

Hayuko peke yake. Chiriku wa mafunjo huishi katika mmea huohuo, na shoro wa manjano hujificha kati ya mashina hivi kwamba wengi huondoka wamemsikia tu. Kwa ndege wa namna hii, mafunjo ndiyo nyumba na ghala.

Hapo ndipo penye hatari. Picha za angani na za setilaiti zilipolinganishwa, ilionekana kwamba kati ya 1969 na 2000 Dunga ilipoteza takriban nusu ya mafunjo yake. Vinamasi vya Koguta na Kusa, upande wa Nyando, navyo vilipungua sana. Wasukaji wa mikeka hulaumiwa upesi mno. Mafunjo yaliyokatwa kwa kiasi huchipua tena kutoka mizizini. Moto, mashamba yanayofuata maji yakipungua, na kufyeka eneo zima kwa mkupuo ndivyo vinavyomaliza kinamasi. Ndege mwingine angehamia kwingine, lakini tiva aliyebakia katika kipande kidogo atavukaje mashamba ya mpunga na mahindi kumtafuta mwenzi?

Asiyempata Dunga huelekea Siaya, kwenye Ziwa Kanyaboli, pembeni mwa kinamasi cha Yala, ambako mafunjo ni mengi kuliko popote nchini Kenya. Huko, ukiwa na subira na mwenye boti asiyependa kelele, unaweza kumwona hata nzohe, swala anayeishi majini.