Meli ya Vita Iliyogeuka Meli ya Likizo

Askari aliyepangiwa lindo Rwekubo, kando ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, asishangae akisikia sokoni watu wakisimulia habari za meli, hali ziwa lililo jirani ni la mitumbwi na viboko. Wamo humo Warundi na Wakongomani wa kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, na huko ukitaja meli, wengi hufahamu wasema Liemba.

Kwa asili meli hiyo ni askari mwenzetu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Huko iliungwa upya, ikafungwa mizinga. Waliposhindwa mwaka 1916, Wajerumani waliipaka mitambo yake grisi nene, kisha wakaizamisha kwa makusudi. Walitumaini kuja kuiibua wenyewe. Walioifaidi grisi hiyo ni Waingereza, ambao waliiinua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria.

Kwa miongo mingi wageni wa Ulaya walifika Kigoma ili wapande Liemba kwa starehe tu, hadi Mpulungu, Zambia, safari ya siku mbili hivi. Wa daraja la kwanza alipewa chumba chenye vitanda. Wa daraja la tatu alilala alipopata, baina ya magunia ya dagaa. Bwawa la kuogelea halikuwamo, wala bendi, kama zilivyo meli kubwa za matembezi baharini. Burudani ilikuwa vituo vyenyewe. Vijiji vingi havikuwa na gati, hivyo meli ilisimama katikati ya maji, hata usiku wa manane, ikapiga honi, na mitumbwi ikaja mbio kugombea ubavu wake. Mama mwenye mtoto mgongoni akateremka, mizigo ikapandishwa, kelele zikatanda. Mgeni aliegemea ukingo wa juu, akatazama.

Mwezi Mei 2015 ukingo huohuo uliegemewa na watu wengine. Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walirundikana kwa makumi ya maelfu Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa baina ya milima na ziwa. Kipindupindu kikazuka. Umoja wa Mataifa ukaikodi Liemba, ikawa inachukua watu wapatao 600 kwa safari moja hadi Kigoma. Mashua ndogo ndizo zilizowafikisha kwenye meli, wengine na godoro tu kichwani. Siku ya kurudi hakuna aliyeijua.

Kwa hiyo, ndugu askari, mtu akikueleza Rwekubo kwamba alipanda meli kubwa mahali pasipo na gati, bila tikiti, usifanye haraka kuandika kwamba anadanganya. Muulize kwanza kama ni Kagunga.