MWAGILIA UA, USIFUGE MBU

Nyumba nyingi vijijini zina maua. Mengine yako uani. Mengine yamepandwa ndani ya makopo ya rangi, ndoo mbovu au vyungu, yakawekwa barazani. Hilo ni jambo jema. Maua huipendezesha nyumba na kumfurahisha mgeni.

Lakini ua la kopo haliwezi kujitafutia maji. Mizizi yake imefungiwa. Linategemea mkono wako. Ukilinyima maji, linakauka. Ukilizidishia, linaoza. Tena maji hayo yanayoozesha ua yakituama, huzaa mbu. Kwa hiyo kumwagilia ua ni kazi ya afya pia.

MIZIZI INATAKA HEWA

Watu wengi hudhani ua likilegea, lina kiu. Si kila mara. Mizizi huhitaji maji, na pia huhitaji hewa. Ndani ya udongo mna nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Ukimwaga maji mengi kila siku, nafasi hizo hujaa maji. Mizizi hukosa hewa na kuoza. Majani huwa manjano na kulegea. Mwenye ua akiona hivyo, huongeza maji. Hapo ndipo analimaliza.

Chukua mfano wa ua moja la nchini Tanzania. Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, kuna ua dogo la rangi ya zambarau. Huota kivulini, kwenye nyufa za mawe. Mvua ikinyesha, maji hupita yakaenda zake. Mizizi hubaki na unyevu tu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa huko alipeleka mbegu zake Ujerumani. Leo ua hilo hupandwa ndani ya nyumba za watu Ulaya na Marekani. Hata huko, likituamiwa na maji huoza.

JINSI YA KUMWAGILIA

1. Toboa matundu matatu au manne chini ya kopo kwa msumari. Kopo lisilo na tundu halifai kupandia ua.

2. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, acha. Ukihisi ukavu, mwagilia. Usihesabu siku. Wakati wa masika udongo hukauka polepole. Wakati wa kiangazi hukauka upesi.

3. Mwagilia asubuhi. Mimina maji taratibu kwenye udongo, mpaka yaanze kutoka chini. Kisha acha. Kama maji mnayafuata mbali, tumia maji uliyooshea mchele au mboga.

4. Kama umeweka kisahani chini ya kopo, ngoja kama nusu saa. Maji yaliyobaki kisahanini yamwage.

MBU WA KISAHANI

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji wa Tanzania walifukia madimbwi karibu na nyumba zao. Walifanya kazi nzuri. Lakini kisahani chenye maji nacho ni dimbwi. Tofauti ni kwamba dimbwi hili liko barazani, karibu na watoto.

Mbu anayependa maji ya vyombo ni mweusi, mwenye madoa meupe mwilini na miguuni. Huyu huuma mchana. Huuma zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Chandarua cha usiku hutukinga na mbu wa malaria, nasi tusikiache. Lakini huyu wa mchana hatungoji tulale.

Mbu huyo hutaga mayai kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo ni madogo sana na hugandamana na chombo. Hata chombo kikikauka, mayai huweza kukaa hai kwa miezi. Maji yakirudi, yanaanguliwa. Viluwiluwi hutoka, na baada ya siku saba hadi kumi hivi huwa mbu wanaoruka.

Kwa sababu hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila wiki sugua kisahani kwa majani makavu au brashi. Fanya hivyo pia kwa chupa na bilauri zenye vijiti vya maua. Chagua siku moja ya wiki, nyumba nzima iijue. Makopo matupu na matairi ya zamani yaondoe au yafunike, mvua isiyajaze. Mtungi wa maji ya kunywa ufunike vizuri.

MAGONJWA YAKE

Mbu huyu hueneza homa mbili kubwa.

Ya kwanza ni chikungunya. Jina hili ni la Kimakonde. Maana yake ni kupindika, kwa sababu mgonjwa huumwa viungo mpaka hawezi kusimama wima. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza mwaka 1952 na 1953, katika nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanzania. Maji yalikuwa shida huko. Watu waliyahifadhi vyomboni nyumbani, na mbu wakazaliana humo.

Ya pili ni homa ya dengi, iitwayo pia kidingapopo. Iliwapata watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Dalili zake ni homa kali, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho, na kuumwa misuli na viungo. Wengine hutoka vipele. Usidhani kila homa ni malaria. Nenda zahanati ukapimwe. Usimeze aspirini wala diklofenaki, kwani mgonjwa wa dengi akizimeza huweza kutoka damu. Paracetamol ndiyo hutumika kupunguza homa, kwa kipimo ulichoambiwa. Kunywa maji mengi.

Mgonjwa akitoka damu puani au kwenye fizi, akitapika mfululizo, au tumbo likimuuma sana, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali mara moja. Hatari hii huweza kuja hata baada ya homa kushuka.

Ndugu msomaji, leo zungukia nyumba yako. Inua kila kopo la ua, utazame chini yake. Ukiona vidudu vinavyocheza majini, hao ni mbu wa wiki ijayo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ua hulegea ingawa udongo wake umelowa?

2. Kwa nini tunasugua kisahani, badala ya kumwaga maji tu?

3. Katika nyumba zenu, ni vyombo gani vinavyotuamisha maji? Mtafanya nini wiki hii?