Namba za Diski Pepe na Ukomo Wake

Diski pepe ni faili, au kipande cha hifadhi ya seva, ambacho kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya seva, huonyeshwa kana kwamba ni diski halisi. Kati ya mfumo endeshi na diski hiyo hukaa draiva, programu ndogo inayopokea maombi ya kusoma na kuandika na kuyafikisha yanakotakiwa. Ombi haliwezi kufika bila anwani yenye mambo mawili: ni diski ipi, na ni mahali gani ndani ya diski hiyo. Yote mawili hutajwa kwa namba, na namba huandikwa katika nafasi iliyopimwa tangu mwanzo. Nafasi ikijaa, diski mpya haiungiki hata kama seva ina hifadhi tele.

Nafasi hiyo hupimwa kwa biti. Biti 1 hutoa namba 2, biti 5 hutoa 32, na biti 8 hutoa 256. Ni kama namba za magari: tarakimu tatu haziwezi kupita 999, na gari linalofuata husubiri herufi ibadilishwe.

Ukomo wa kwanza ulirithiwa kutoka kwenye vyuma. Kompyuta za zamani zilizotumia IDE, mfumo wa kuunganisha diski, zilikuwa na njia mbili za nyaya, na kila njia ilibeba vifaa viwili. Kompyuta pepe iliyopewa IDE ya kuigiza haina waya hata mmoja, lakini bado inapokea vifaa 4 tu; kisomaji cha CD kikichukua nafasi moja, zinabaki diski 3. Sababu ni kwamba draiva yake iliandikwa kwa ajili ya chuma halisi, nayo haijui kuuliza habari za kifaa cha tano. SCSI ya zamani, mfumo mwingine wa kuunganisha diski, nayo ilikuwa na namba 16 katika kila njia, moja ikiwa ya kidhibiti chenyewe, yaani kifaa kinachosimamia diski za njia hiyo, hivyo diski zilikuwa 15. Ndiyo maana kwa miaka mingi kompyuta pepe ya kampuni ya VMware, yenye vidhibiti 4 vya SCSI, ilikomea diski 60.

Virtio, mfumo wa draiva za kompyuta pepe ulioasisiwa na Rusty Russell wa Australia na kuelezwa katika makala yake ya 2008, uliachana na uigaji wa vyuma vya zamani. Draiva yake ya kwanza ya diski, virtio-blk, ni nyepesi na ya kasi, ila kila diski hujitokeza kama kifaa kamili cha PCI, njia ya kuunganisha vifaa na kompyuta. Anwani ya PCI hutenga biti 5 kwa ajili ya kifaa, yaani sloti 32 katika njia moja. Katika kompyuta pepe ya kawaida ya muundo wa zamani inayoendeshwa na programu ya QEMU, sloti ya 0 na ya 1 huchukuliwa na vifaa vya ubao mama, na nyingine mbili huenda kwa kadi ya picha na kadi ya mtandao. Zinabaki 28. Diski ya 29 hukataliwa, labda iongezwe njia nyingine ya PCI, au diski kadhaa zishiriki sloti moja. Sloti moja inaweza kubeba hadi 8, lakini basi haitakuwa rahisi kuichomoa mojawapo peke yake wakati kompyuta inafanya kazi.

Virtio-scsi, iliyoingia katika Linux mwaka 2012, ilitatua jambo hilo kwa kidhibiti kimoja kinachokaa katika sloti moja na kubeba diski nyingi nyuma yake. Anwani ya diski huandikwa katika baiti 8. Ya kwanza ni 1 daima, ya pili hutaja kundi kuanzia 0 hadi 255, na mbili zinazofuata hutaja diski ndani ya kundi, hadi 16,384. Jumla inapita milioni 4.

Mbali na namba hizo, ndani ya kompyuta pepe diski za virtio-blk huitwa vda, vdb, hadi vdz, kisha vdaa. Majina hayo yanaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya, kwa hiyo mafundi hutegemea utambulisho ambao diski hupewa na seva. Nao una ukomo wa baiti 20: vitambulisho viwili virefu vikifanana katika herufi 20 za mwanzo, mfumo hauwezi kuvitofautisha.

Swali la pili, mahali ndani ya diski, lina hesabu yake. Diski hugawanywa katika sekta, kwa kawaida za baiti 512. IDE ya zamani ilihesabu sekta kwa biti 28, ikafika GB 137 hivi. Virtio-blk hutumia biti 64, ukubwa ambao hakuna diski inayoukaribia. Hata hivyo, diski pepe ya TB 3 iliyogawanywa kwa jedwali la MBR, orodha ya sehemu za diski yenye nafasi ya biti 32, hutumika hadi TB 2.2 tu, sehemu inayobaki haifikiwi. Jedwali la GPT, lenye biti 64, ndilo huifungua.