Zilipendwa za New York na Hesabu ya Wasikilizaji

Wasikilizaji wa New York waliofungulia masafa ya 101.1 jioni ya Ijumaa, tarehe 3 Juni 2005, walikuta kwamba WCBS-FM, kituo ambacho tangu mwaka 1972 kilikuwa kikiwapigia nyimbo za zilipendwa, kimegeuzwa ghafla, watangazaji wake mashuhuri wameondoshwa, na mahali pao pameshikwa na mtindo ulioitwa Jack FM, yaani mchanganyiko wa nyimbo za miongo mbalimbali uliokwenda mfululizo pasipo mtu wa kuwaamkia. Siku hiyohiyo mwenye mali, kampuni ya Infinity iliyokuwa katika milki ya Viacom, alikifanyia vivyo hivyo kituo chake cha zilipendwa cha Chicago. Maamuzi ya namna hii, ya kugeuza miji miwili kwa siku moja, yalikuwa yamerahisika tangu sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 ilipoondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini kote.

WCBS-FM hakikuwa kimekosa wasikilizaji. Kilichomtia hofu mwenye mali ni umri wao, maana wafanyabiashara wanaonunua nafasi za matangazo aghalabu huwataka watu wa miaka 25 hadi 54, na aliyevuka hapo, hata akisikiliza kutwa, thamani yake hupungua machoni pao ilhali masikio yake ni yaleyale. Vijana waliocheza nyimbo zile zilipotoka walikuwa sasa wazee, na kila mwaka uliopita uliwatoa wengine katika hesabu. Hofu hiyo siidharau. Dawa iliyotumiwa ndiyo ninayoilaumu.

Ili kufahamu kwa nini dawa ile ilidhuru, yafaa kujua hesabu yenyewe ilivyokuwa ikifanywa. Kampuni ya Arbitron iliwapa watu waliochaguliwa vijitabu vya kuandika, kwa muda wa juma moja, kituo walichosikiliza na saa walizosikiliza. Kisha ikakadiria, katika kila watu mia waliokuwa wakisikiliza redio wakati fulani, ni wangapi walikuwa katika kituo gani. Dakika tano za kusikiliza zilitosha kuhesabiwa kuwa robo saa. Kwa hiyo kiwango cha kituo hutokana na mambo mawili, wingi wa waliopita na urefu wa kukaa kwao, na msikilizaji mmoja mwaminifu, aiwashaye redio alfajiri na kuizima jua likichwa, huweza kuwashinda wapita njia wengi. Fauka ya hayo, kijitabu kiliandikwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hushika jina lililozoeleka na sauti inayotambulika.

Sauti hizo WCBS-FM kilikuwa nazo. WABC, kituo kilichotamalaki muziki wa vijana mjini humo katika miaka ya sitini, kilipoacha muziki na kuwa kituo cha mazungumzo tarehe 10 Mei 1982, watu waliokulia chini ya watangazaji wake walibaki kama wanafunzi ambao chuo chao kimefungwa. Na watangazaji kama Ron Lundy na Dan Ingram walipopata makao WCBS-FM, wapenzi wao waliwafuata. Bruce Morrow, naye wa WABC zamani, alikuwa bado hewani hapo mwaka 2005. Kuziondosha sauti kama hizo kwa siku moja ni kuukata uzi uliosokotwa kwa zaidi ya miaka ishirini, tena kwa kutaraji kwamba wageni wasiojua jina la mtu yeyote kituoni wangeukalia muda uleule waliokaa wenyeji.

Hawakuukalia. Malalamiko yalienea, hata Meya Michael Bloomberg akanukuliwa akiapa kutosikiliza tena, na kiwango cha Jack FM kikashuka chini ya kile cha mtindo uliofukuzwa. Mwishoni mwa mwaka 2005 Viacom iligawanyika na Infinity ikawa CBS Radio. Mwaka 2007 uongozi wake ukashikwa tena na Dan Mason, aliyewahi kuuongoza kabla, na tarehe 12 Julai mwaka huo zilipendwa zikarejea. Baada ya vifaa vya kubebwa mwilini, ambavyo hunasa alama zilizofichwa katika sauti, kuchukua mahali pa vijitabu mjini humo mwaka 2008, kituo kilionekana miongoni mwa vilivyo mbele kabisa.

Lakini kilichorejea hakikuwa kilekile. Nyimbo za miaka ya hamsini zilipunguzwa mno, za sabini na themanini zikazidishwa, wala Morrow, aliyekwisha kwenda kwenye redio ya setilaiti ya Sirius, hakurudi. Mwenye mali aliendelea kuwasogelea walio vijana zaidi, kama alivyotaka tangu mwanzo, ila safari hii alikwenda mwongo kwa mwongo, akiwa na watangazaji wanaojulikana na jina linalojulikana, na wasikilizaji wengi wakakubali kwenda naye.