Komwe 24 Mkekani

Mtoto wa pwani huzijua nusu na robo kabla hajaanza skuli, kwani ndiye anayetumwa dukani kununua robo ya sukari. Ajabu ni kwamba sehemu hizo hizo zikiandikwa ubaoni humtisha, na mara nyingi msichana ndiye wa kwanza kuambiwa kuwa hisabati si fani yake. Kwa maoni yetu, tatizo ni kutanguliza kanuni mbele ya kitu chenyewe.

Tunawapendekezea walimu, wa skuli na wa madrasa, pamoja na kina mama wasimamiao kazi za nyumbani, njia hii. Tandikeni mkeka, mwage komwe za bao. Kisha wapeni watoto swali: mume amefariki, wazazi wake walimtangulia, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Madeni na wasia vimekwisha kutekelezwa. Mke ana thumuni. Katika kilichobaki, mwana wa kiume hupata mafungu mawili na binti fungu moja.

Waanze na komwe 8. Mke achukua 1, zabaki 7, nazo hazigawiki kwa mafungu matatu. Hapo mwalimu anyamaze (na kunyamaza ndiko kugumu). Waacheni wabishane, waongeze komwe, wakosee, mpaka wafike 24: mke 3, mwana 14, binti 7. Kigawe kidogo cha shirika wamekishika kwa vidole vyao. Kisha komwe zigeuzwe pesa: katika shilingi 240,000, mjane ana 30,000. Huu si mchezo mtupu. Mjane asiyeweza kuihesabu thumuni yake hupokea chochote atakachopewa.

Wala njia hii si ngeni. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha Baghdad, karne ya 9, ndicho kilichoipa aljebra jina, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za mirathi.

Tahadhari moja: ikiwa darasani yumo mtoto aliyefiwa karibuni, anzeni na zaka. Komwe 40, hutolewa 1.

Wakishazoea, badilisheni warithi: mke na wana wa kiume wawili. Komwe 24 hazitafaa tena, kwani 21 hazigawiki kwa wawili. Idadi ndogo itakayofaa ni 16, mke 2 na kila mwana 7, lakini msiwatajie.